Kuishi na Pete ya Tumbo: Kula na Kupungua Uzito Baada ya Upasuaji

Mtu aliyewekewa pete ya tumbo huzinduka kutoka katika usingizi wa upasuaji akiwa na uzito uleule aliolazwa nao. Tumbo lake halikukatwa, utumbo wake haukubadilishwa njia, na mafuta ya mwili wake hayakuguswa. Kilichoongezeka ni kifaa kimoja cha silikoni ambacho huenda akaishi nacho kwa miaka mingi, na ambacho manufaa yake yatategemea jinsi atakavyokula na jinsi kitakavyorekebishwa. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watumiaji waliokwisha kuwekewa pete hiyo, wale wanaotafakari kuwekewa, na jamaa wanaowapikia na kula nao.

Wasomaji wengi wa hapa kwetu wamesikia zaidi habari za puto. Puto huingizwa tumboni kwa njia ya mdomo, bila kupasuliwa, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Pete ni kitu kingine. Huwekwa kwa upasuaji wa matundu madogo, ikazungushwa sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya mahali umio unapoishia. Juu ya pete hubaki kijifuko kinachoweza kupokea chakula kisichozidi sana vijiko viwili vya mezani. Upande wa ndani wa pete una mpira unaojazwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, na mrija mwembamba huunganisha mpira huo na kidude mfano wa kifungo kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akichoma sindano kwenye kidude hicho na kuongeza maji, pete hubana, akiyapunguza, hulegea. Kifaa hiki, kwa hiyo, si kitu cha kuwekwa na kusahauliwa.

Daktari aliyeweka pete ya aina hii kwa mara ya kwanza kwa upasuaji wa matundu madogo ni Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, akiwa kazini Ubelgiji mwaka 1993. Marekani iliidhinisha pete ya kwanza ya kurekebishika mwaka 2001, na kufikia 2011 zaidi ya theluthi moja ya upasuaji wote wa kupunguza uzito nchini humo ulikuwa wa pete. Mwaka 2019 kiwango hicho hakikufika hata asilimia 1. Wagonjwa wengi hawakupungua kama walivyotarajia, na wengine walilazimika kurudi kwenye chumba cha upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia wagonjwa 25,042 waliolipiwa na mpango wa bima ya serikali ya Marekani, Medicare, ukaona kwamba asilimia 18.5 kati yao walifanyiwa upasuaji mwingine unaohusu pete, iwe ni kuirudisha mahali pake, kuibadilisha au kuiondoa. Takwimu hizi hazimaanishi kwamba aliyewekewa pete amepotea. Wapo wanaoishi nayo vizuri. Zinamaanisha kwamba anayeuziwa huduma hii kwa picha mbili, moja ya kabla na nyingine ya baada, ameuziwa nusu ya habari.

Wiki za mwanzo

Kila kituo cha upasuaji hutoa ratiba yake ya chakula, na ratiba ya daktari aliyekupasua ndiyo ya kufuatwa. Kwa jumla, wiki moja au mbili za mwanzo ni za vinywaji tu: maji, maziwa yaliyopunguzwa mafuta, supu iliyochujwa, uji mwepesi usio na chembe. Hufuata wiki mbili hivi za vyakula vilivyosagwa kabisa, kisha vyakula laini vinavyopondeka kwa uma, kama samaki wa mchuzi asiye na miiba, mayai, viazi au ndizi za kuchemsha. Baada ya wiki sita hivi ndipo mtu hurudi kwenye vyakula vya kawaida.

Utaratibu huu una sababu inayopita maumivu ya jeraha. Pete mpya inahitaji muda ili mwili ujenge kovu jembamba la kuishika mahali pake. Anayekula nyama wiki ya pili akatapika kwa nguvu anaweza kuifanya ihame kabla haijashikwa. Wengi huona njaa katika siku hizo, kwa kuwa kwa kawaida pete huachwa ikiwa tupu au karibu tupu hadi marekebisho ya kwanza, yanayofanyika takriban wiki ya sita. Njaa hiyo si dalili kwamba upasuaji umeshindwa. Ni kwamba kifaa bado hakijaanza kazi.

Tonge dogo, polepole

Pete ikiwa imerekebishwa vyema, tonge linalopita hugandamiza kidogo ukuta wa tumbo, na mgandamizo huo huupelekea ubongo habari ya shibe mapema kuliko zamani. Habari hiyo huchukua muda kufika. Mtu anayekula upesi huwa amekwisha kupita kiasi kabla hajaipata, na kwa mwenye pete kupita kiasi si suala la kuvimbiwa tu, bali ni maumivu ya kifua na chakula kurudi mdomoni.

Kwa sababu hiyo tonge huwa na ukubwa wa punje ya harage, hutafunwa hadi liwe kama uji, mara ishirini au zaidi, na lingine halitiwi mdomoni kabla la kwanza halijashuka. Mlo mmoja huchukua dakika 20 hadi 30. Ukifikia nusu saa, sahani huondolewa hata kama imebaki na chakula. Sahani ndogo na kijiko cha chai husaidia zaidi ya nia njema.

Ugumu wa kwanza kwa watumiaji wetu ni desturi ya kula pamoja. Sinia moja huwa na mwendo wake, na anayetafuna mara ishirini hujikuta ama anawakimbiza wenzake ama anaambiwa chakula hakikumpendeza. Mwenyeji mwema husema "ongeza, bado hujala", na maneno hayo ni ya upendo. Ni heri jamaa wa nyumbani waelezwe mapema, na mwenye pete apakuliwe chake pembeni bila maneno mengi. Kwenye arusi au hitima hakuna ulazima wa kueleza upasuaji. "Nimeshiba, ahsante" inatosha, na ikirudiwa mara tatu hukubaliwa.

Ugumu wa pili ni vyakula vyenyewe. Ugali mgumu hukusanyika ukawa donge juu ya pete. Mkate laini na chapati hulowa mate zikarudi kuwa unga uliokandwa. Wali mkavu hushikana. Nyama choma ndiyo inayowapeleka watu hospitali mara nyingi, kwa kuwa nyuzi zake hazimeng'enyeki mdomoni hata mtu atafune vipi, na vivyo hivyo embe la nyuzi, nanasi, ngozi za ndani za chungwa, na nazi isiyochujwa. Haina maana kwamba vyote hivi vimeharamishwa. Ugali laini uliochovywa kwenye mchuzi, kwa tonge dogo, wengi huuweza. Nyama ya kusaga au iliyochemshwa hadi ikalegea hupita pale ambapo mshikaki umekwama. Chakula kipya kijaribiwe kimoja kimoja, nyumbani, siku isiyo na haraka.

Protini huliwa kwanza, kabla tumbo halijakataa: yai, samaki, dagaa waliosagwa, maharage au choroko zilizopondwa, mtindi. Wataalamu wengi wa lishe huweka lengo la gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi na kikombe cha maziwa gramu 8, kwa hiyo lengo hilo halifikiwi kwa bahati. Mboga hufuata, na wanga huja mwisho. Kwa kuwa kiasi cha chakula kimepungua, mtumiaji huhitaji pia vidonge vya vitamini na madini kama atakavyoelekezwa.

Maji na chakula havipaswi kwenda pamoja. Kinywaji kinachosindikiza chakula hukisukuma kipite upesi, na shibe huondoka nacho. Kunywa hadi muda mfupi kabla ya mlo, kisha ngoja angalau nusu saa baada ya kumaliza. Kati ya milo, maji yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa hadi yafike lita moja na nusu au mbili. Soda na vinywaji vingine vyenye gesi huachwa kwa sababu ya gesi yenyewe, inayovimbisha kijifuko, na kwa sababu ya sukari.

Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, hasa akiwa bado katika miezi ya mwanzo au akitumia dawa za kisukari. Tatizo kubwa huwa maji: saa za usiku ni chache, na haiwezekani kunywa lita mbili na kula futari kwa pamoja. Mihogo ya nazi na viazi vitamu vikiliwa upesi baada ya bilauri mbili za maji huwa ni mwaliko wa kutapika. Aliyeruhusiwa afungulie kwa maji kidogo kidogo, apumzike, ndipo ale mlo mdogo kwa utulivu, na arudi kwenye maji baadaye usiku.

Kubana zaidi si kupungua zaidi

Hapa ndipo wengi hupotea, na pengine ndilo jambo muhimu kuliko yote katika makala haya. Mtumiaji anapoona mizani imesimama, wazo la kwanza humjia kwamba pete imelegea na iongezwe maji. Wakati mwingine ni kweli. Lakini pete iliyobana kupita kiasi huleta matokeo yaliyo kinyume na yanayotazamiwa: samaki na mboga hukataa kupita, ilhali aiskrimu, chokoleti iliyoyeyuka, juisi ya miwa, soda, uji wenye sukari nyingi na biskuti zilizochovywa kwenye chai hupita bila kizuizi. Kifaa hakijui kuhesabu sukari, kinajua ugumu wa chakula tu. Mtu hutapika chakula chenye manufaa, hunywa kilichobaki, na uzito hupanda huku akiamini anajitesa. Soda moja ina gramu 35 hivi za sukari na haimpi shibe hata ya dakika kumi.

Pete iliyo sawa humwezesha mtu kula chakula cha kawaida kilichotafunwa vizuri, kiasi kidogo, akatosheka kwa saa kadhaa. Ukiona unakula kiasi kikubwa na unapata njaa baada ya saa moja au mbili, huenda inahitaji kubanwa. Ukiona unakwama kila siku, una kiungulia au kikohozi usiku, au umeanza kuchagua vitu vya kunywa kwa sababu vya kutafuna vinakuumiza, pete hiyo ipunguzwe maji. Kutapika si sehemu ya matibabu. Mtu anayetapika mara kadhaa kwa wiki na kuambiwa na marafiki kwamba ndiyo dalili ya kufanya kazi anaambiwa jambo la hatari, kwa kuwa kutapika kwa kurudiarudia kunaweza kuhamisha pete na kuukosesha mwili vitamini B1, ambayo upungufu wake hudhuru neva.

Chakula kinapokwama, acha kula mara moja. Simama, tembea polepole, ngoja. Usinywe maji ili kukisukuma, maana yatajaa juu yake na kuongeza maumivu. Kikishapita au kikirudi, kaa na vinywaji tu kwa siku nzima, kwa kuwa ukuta wa tumbo utakuwa umevimba.

Mizani

Pete hupunguza uzito taratibu kuliko upasuaji mwingine wa tumbo. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na zipo wiki zisizo na mabadiliko yoyote. Kwa wastani wagonjwa wa pete hupoteza asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa ziada katika miaka miwili hivi. Maneno "uzito wa ziada" yasomwe kwa makini, kwa sababu matangazo huyatumia bila kuyafafanua. Mtu mwenye kilo 120 ambaye uzito unaofaa urefu wake ni kilo 70 ana kilo 50 za ziada. Asilimia 50 ya hizo ni kilo 25, kwa hiyo atafika kilo 95, wala si 60. Kwa afya, tofauti hiyo ni kubwa, kwani shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti mara nyingi hupata nafuu. Kwa aliyeahidiwa umbo la kijana wa miaka ishirini, ni huzuni.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile. Nywele zikinyonyoka katika miezi ya mwanzo usitaharuki, kwa kawaida hurudi, ila hakikisha protini inatosha. Ngozi iliyolegea haiondolewi na mafuta ya kupaka, hata yale yauzwayo ghali kwa jina la kuikaza. Kupungua kwa kasi huweza pia kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwa hiyo maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu yasipuuzwe.

Dawa na ujauzito

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiendelea na kipimo cha zamani huku akila robo ya chakula cha zamani. Vipimo vya dawa za kisukari na za shinikizo la damu vipitiwe na daktari tangu siku za mwanzo. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wengi hununua bila cheti, huweza kuleta vidonda vya tumbo karibu na pete, hivyo mweleze mfamasia kwamba una pete kabla hajakupa chochote. Vidonge vikubwa huweza kukwama, lakini usivisage kwa uamuzi wako: vile vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole vikisagwa huachia yote kwa mara moja.

Wanawake ambao uzito ulikuwa umewazuilia kushika mimba huweza kushika upesi kuliko walivyofikiri. Hushauriwa wangoje miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Mimba ikiingia, daktari aarifiwe mapema, kwa kuwa pete huweza kulegezwa ili mama apate chakula cha kutosha.

Wakati wa kwenda hospitali bila kungoja

Nenda siku hiyohiyo iwapo huwezi kumeza hata maji au mate, una maumivu makali ya tumbo au kifua, unatapika damu, kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, au una homa pamoja na wekundu na usaha mahali kilipo kidude cha sindano. Pete iliyohama huweza kukata damu inayolisha tumbo, na hiyo ni dharura. Ipo pia hatari ya kimyakimya, pale pete inapotoboa taratibu ukuta wa tumbo: mtu hujikuta ghafla anaweza kula kama zamani, au kidude kinaota usaha pasipo sababu. Usifurahie kula upya kusiko na maelezo. Omba uchunguzi.

Mweleze daktari wa zamu waziwazi kwamba una pete, aina yake, na lini iliongezwa maji. Kutoa maji huhitaji sindano maalumu ambayo ncha yake haimegi silikoni. Sindano ya kawaida inaweza kukitoboa kidude kikaanza kuvuja, na kidude kinachovuja hubadilishwa kwa upasuaji.

Kabla ya kulipa

Kutokana na hayo, swali la kwanza la mnunuzi wa huduma hii si bei ya upasuaji, bali nani atakayeirekebisha pete mwaka wa pili. Suala hili huwabana zaidi wanaosafiri nje ya nchi kupasuliwa na kurudi baada ya siku kumi. Uliza kwa maandishi ni hospitali gani karibu na nyumbani kwako yenye sindano hiyo na daktari aliyezoea kifaa hicho, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na kila la ziada litagharimu kiasi gani. Uliza gharama ya kuiondoa pete na nani ataibeba. Mtoa huduma anayekwepa maswali haya amekwisha kuyajibu. Desemba 2011 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa iliviandikia barua za onyo vituo 8 vya upasuaji huko California pamoja na kampuni ya matangazo, kwa kuitangaza pete bila kueleza hatari zake ipasavyo. Matangazo ya namna hiyo bado yanazunguka kwenye simu zetu.

Usiondoke hospitali bila kadi ya kifaa yenye jina la mtengenezaji, aina, namba ya toleo, tarehe ya kuwekwa, na kiasi cha maji kilichomo. Piga picha ya kadi hiyo na umpe ndugu mmoja nakala. Kila marekebisho yaandikwe: tarehe, mililita zilizoongezwa au kutolewa, na jina la aliyefanya. Kifaa kikivuja, kikihama au kikiondolewa, toa taarifa kwa Mamlaka kupitia hospitali au wewe mwenyewe, ukiambatisha namba ya toleo. Pete iliyoondolewa isitupwe kabla hujamwuliza daktari iwapo itahitajika kwa uchunguzi.